Mkutubi na Kisanduku cha Tatu

Wakutubi wenzangu, wahadhiri, nanyi wanafunzi mlioketi kule nyuma karibu na mlango, hamjambo?

Nilipoajiriwa katika chuo kimoja hapa Nairobi nilipewa fomu yenye visanduku viwili: taaluma au utawala. Nikamuuliza karani nitie alama wapi. "Si wewe ni wa maktaba? Weka utawala." Shahada yangu ya uzamili haikuulizwa.

Kisanduku hicho ndicho huamua kama utapata likizo ya utafiti, na kama cheo kitapanda kwa ulichoandika au kwa miaka uliyokaa kaunta.

Wapo wanaosema ukutubi ni kupanga vitabu. Chukua utenzi wa zamani wenye kisa cha vita vya Mtume. Mfumo wa namba za vitabu wa Maktaba ya Bunge la Marekani umekitengea Kiswahili PL8701 hadi PL8704. Namba nne tu, lugha na fasihi yote! Uislamu uko BP. Basi utenzi huo ni fasihi au ni dini? Anayeamua sharti ausome, aujue ushairi, na ajue nani atautafuta kesho. Akikosea, kitabu kimezikwa kikiwa hai. Kama hiyo si kazi ya kitaaluma, sijui ni ipi.

Na kufundisha je? Kila mwanafunzi aliyekwama kwenye sura ya pili ya tasnifu hupitia kwetu kabla ya kurudi kwa msimamizi wake. Hatumo kwenye ratiba, basi.

Ukosefu wa mafunzo si kisingizio. Makerere ilianza kufundisha wakutubi wa Afrika Mashariki mwaka 1963, na Moi ikawa na kitivo chake mwaka 1988.

Marekani, chama cha maktaba za vyuo kilipitisha viwango mwaka 1971: mkutubi awe na haki za mhadhiri. Mwaka 1973 chama cha maprofesa kikaungana nao. Hata hivyo vyuo vingi huko havijafuata. Tena haki hizo zina bei, na hapa wenzangu hamtanipigia makofi: utapimwa kwa makala zako, kama mhadhiri. Atakaye cha mvunguni sharti ainame. Wangapi humu tumechapisha chochote tangu tuhitimu? Naona mmenyamaza. Mimi pia nina moja tu.

Lakini utaandika saa ngapi, nawe uko kaunta tangu asubuhi hadi jioni? Kwa hiyo nikiulizwa tudai nini kwanza, cheo au muda, nasema muda: siku moja kwa wiki, iandikwe kwenye mkataba.

Ile fomu ililetwa tena mwaka jana. Nikachora kisanduku cha tatu kwa kalamu, nikatia alama. Ilirudishwa kesho yake, imefutwa kwa wino mweupe.