Mwalimu Mgeni na Nyumba Anayolala

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi rika langu, habari za asubuhi. Nawashukuru walimu wenzangu kwa kunialika, lakini zaidi nawashukuru kina mama na kina baba mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, kwa sababu ninayotaka kuyasema yanawahusu nyinyi kuliko yanavyowahusu walimu.

Nimeombwa nizungumzie walimu wa kujitolea wanaotoka nchi za nje na kuishi katika jamii zetu. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa mkufunzi wa Kiswahili kwa wageni wa namna hiyo, kwanza Morogoro na baadaye hapa Korogwe. Kazi yenyewe mnaijua, maana mmeniona mara nyingi nikiwa na wanafunzi wangu wanne au watano chini ya mwembe, kila mmoja na daftari lake, tukihangaika na ngeli. Ikifika jioni hutawanyika, kila mtu akaenda kwa familia aliyopangiwa. Nakiri mbele yenu kwamba kwa miaka mingi niliamini mwembe ule ndio ulikuwa shule, na nyumba zenu zilikuwa mahali pa kulala tu. Nimekuja kusema kwamba nilikosea.

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa jambo hili lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1958 Waingereza walianzisha shirika la VSO, lililoanza kwa kuwapeleka vijana nje kujitolea. Tarehe 1 Machi 1961 Rais John F. Kennedy wa Marekani alitia saini agizo lililoanzisha Peace Corps, shirika la serikali yao la kupeleka Wamarekani wa kujitolea nchi za nje, na mwaka 1965 Wajapani wakaanzisha mpango wao wa namna hiyo. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuwapokea watu wa Peace Corps, mwaka ule ule wa 1961, ingawa kundi hilo la kwanza lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, na walimu walifuata baadaye. Wakati huo huo ulikuwapo mpango mwingine, Teachers for East Africa, uliosimamiwa na Chuo cha Ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, ambao uliwaleta Wamarekani kufundisha sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika, wengi wao wakipitia kwanza Makerere. Nchi zetu zilikuwa zimejipatia uhuru au zilikuwa mlangoni mwake, shule za sekondari zilikuwa zinaongezeka, na walimu wenye shahada walikuwa wachache mno.

Peace Corps iliandikiwa malengo matatu, na ningependa myasikie kwa sababu hata baadhi ya wageni wenyewe huyasahau. La kwanza ni kuzisaidia nchi zinazohitaji watu wenye ujuzi. La pili ni kuwafanya watu wa nchi hizo wawafahamu Wamarekani vizuri zaidi. La tatu ni kuwafanya Wamarekani nao wawafahamu vizuri zaidi watu wa nchi hizo. Hesabuni wenyewe: katika malengo matatu, lililohusu kazi ni moja tu, na mawili yaliyobaki yanahusu kufahamiana. Nauliza basi, kufahamiana huko hufanyikia wapi? Hakufanyikii ubaoni. Mwalimu anaweza kusimama ubaoni miaka miwili, akafundisha aljebra kwa ustadi mkubwa, akaondoka bila kujua mwanafunzi wake wa dawati la mbele amekula nini tangu asubuhi. Mwalimu Nyerere alilalamikia jambo linalofanana na hilo katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, aliposema kwamba shule tulizorithi ziliwatenga wanafunzi na jamii iliyowazaa. Kama shule ilimtenga hata mtoto wa mkulima, itamwachaje mgeni?

Ndiyo sababu utaratibu wa kumweka mgeni kwenye familia katika miezi takriban mitatu ya mafunzo, kabla hajaenda kituo chake cha kazi kwa miaka miwili, mimi nauona kuwa ndio moyo wa mpango mzima. Lakini utaratibu huo hufaulu au hushindwa kutokana na mambo ambayo hayamo katika mwongozo wowote.

Chukulia suala la mlango. Mgeni akirudi kutoka darasani akiwa amechoka, huingia chumbani na kufunga mlango ili asome au apumzike, na kwao hilo ni jambo la kawaida lisilo na maana nyingine. Nyumbani kwetu mtu anayejifungia chumbani mchana ama anaumwa, ama amekasirika, ama ana siri. Mama mmoja alinijia mbio jioni, kanga mkononi, akiniambia kwamba mtoto wake mgeni ana siku mbili anajifungia na yeye hajui amemkosea nini. Nilipomfuata yule binti nikamkuta anaandika barua kwao, barua iliyojaa sifa za mama huyo huyo. Wote wawili walikuwa wanapendana na wote wawili walikuwa wanateseka, na mlango ule mmoja ulikuwa umesema kwa kila upande maneno ambayo hakuna aliyeyakusudia.

Au chukulia suala la firigisi. Nyumba moja ilichinja jogoo siku mgeni alipofika, na baba mwenye nyumba, ambaye firigisi ni haki yake kwa miaka yote ya ndoa yake, aliichukua mwenyewe na kuiweka kwenye sahani ya kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Kijana yule alikuwa hali nyama kabisa. Alisema "hapana, asante" kwa Kiswahili sanifu kabisa nilichokuwa nimemfundisha asubuhi hiyo, nami nikaona nimemfundisha maneno tu, nikaacha kumfundisha namna ya kukataa. Baba hakusema kitu, na firigisi ikabaki sahanini mpaka mtoto mdogo alipoimaliza. Kwa wiki nzima mzee yule alimwita kijana "mgeni wa mama". Kilichowapatanisha hakikuwa maelezo yangu, ambayo nilikuwa nimeyaandaa kwa urefu. Kijana alijitolea kumsaidia kuezeka paa la banda la mbuzi, akapigilia misumari vibaya, akachekwa, akafundishwa, na tangu siku hiyo akawa na jina la ukoo.

Kina mama, nawaomba radhi kwa nitakalosema sasa, kwa kuwa naijua nia yenu. Tatizo kubwa la nyumba zetu ni ukarimu. Wiki ya kwanza mgeni hupikiwa chipsi na mayai, hupashiwa maji ya kuoga, hupewa kiti peke yake, huzuiwa asiguse ufagio. Posho ya chakula mnayopewa kwa ajili yake humalizika kabla ya mwezi, majirani husema nyumba hii imetajirika, na mgeni mwenyewe hubaki kama chombo cha kabatini. Wahenga walitaka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Sisi tunafika siku ya tisini jembe lingali ukutani, kisha tunashangaa kwamba mwalimu huyu, miezi sita baadaye, anawaandikia wanafunzi kazi ya nyumbani ya kurasa nne.

Nitaeleza uhusiano wa jembe na kazi ya nyumbani kwa mfano wa binti mmoja aliyekuwa akijiandaa kufundisha hisabati. Aliwekwa kwenye nyumba yenye msichana wa kidato cha pili. Mama wa nyumba hiyo, kwa hekima ambayo hakuna aliyemfundisha, alimwambia siku ya nne: "Mwanangu, kesho mtakwenda wote." Wakaamka saa kumi na moja alfajiri wakaenda bombani na ndoo, wakapanga foleni, wakarudi, wakafagia uwanja, wakaosha vyombo vya jana, na saa moja kasoro msichana akaanza mwendo wa kwenda shule. Jioni ikawa hivyo tena, kukuna nazi, kuchambua mchele, kumwogesha mdogo wake, na alipofungua daftari usiku alilala kabla ya swali la pili. Mwalimu yule aliniambia kwamba shuleni kwao Marekani angemwandika msichana huyo kuwa mvivu. Alipopata kituo chake alitenga dakika kumi na tano za mwisho za kila kipindi ili wanafunzi wafanye mazoezi pale pale darasani, na wasichana waliochelewa aliwauliza juu ya maji kabla hajawauliza juu ya nidhamu. Somo hilo hakulipata kwangu chini ya mwembe.

Yapo na mambo ya lugha, ambayo ndiyo taaluma yangu, kwa hiyo mtanivumilia nikikaa hapo kidogo. Watoto wa shule zetu za msingi za serikali wamekuwa wakisoma kwa Kiswahili kwa miaka saba, kisha wanaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia, kemia, biolojia na hisabati vyote vimegeuka Kiingereza. Kozi ya maandalizi ipo, lakini ni ya wiki chache. Mtoto aliyekuwa hodari darasa la saba ananyamaza, na unyamavu wake tunauita uzito wa akili. Mwalimu mgeni ndiye anayeleta Kiingereza hicho, tena cha haraka na cha puani. Hata hivyo, yule aliyepitia nyumbani kwenu amewahi kuwa mtoto huyo. Amekaa jamvini akiwa mtu mzima mwenye shahada, akashindwa kuomba chumvi. Ameambiwa darasa linaanza saa mbili, akafika saa nane mchana akiwa na furaha kabisa. Ameitikia "shikamoo" ya mtoto kwa "shikamoo" nyingine na nyumba nzima ikaangua kicheko. Anajua jinsi akili inavyojikunja mtu anapochekwa kwa lugha asiyoijua, na mimi sijaona mafunzo ya ualimu yanayoshinda hayo.

Kijana yule wa banda la mbuzi alipangiwa kufundisha fizikia. Kitabu kilieleza usafiri wa joto kwa mifano ya nyumba za baridi kali, yenye vioo na mabomba ya kupashia vyumba. Yeye alikuwa amemwona mama akipika wali, akaona ukikaribia kukauka unapaliwa, makaa yanawekwa juu ya mfuniko. Akawauliza kidato cha kwanza kwa Kiingereza cha polepole, na alipoona macho yamekufa akauliza tena kwa Kiswahili chake kilichovunjika: kwa nini mnapalia wali? Darasa la wanafunzi themanini, ambalo halikuwahi kumjibu hata "ndiyo", likaanza kubishana. Joto kutoka chini, joto kutoka juu, mvuke unaogeuka maji kwenye mfuniko na kudondoka: nusu ya mada ilikuwa tayari vichwani mwao, ikisubiri mtu aliyewahi kuketi jikoni. Kisha akarudi kwenye Kiingereza, kwa sababu mtihani ndio ulioandikwa kwa lugha hiyo, na hilo hakuwa na uwezo wa kulibadilisha.

Sitaki mdhani kwamba nawasifu wageni wote. Wapo wanaokuja kwa wiki mbili au tatu, hasa kule Arusha na Moshi, baada ya kulipa fedha nyingi kwa kampuni za kwao, na hulala hosteli na wageni wenzao. Niliwahi kutembelea shule ya awali ambayo watoto wake walikuwa wamefundishwa majina ya rangi kwa Kiingereza na wageni watano kwa kufuatana, kwa kuwa kila aliyefika alianzia mwanzo. Watoto walikuwa wamejifunza hata kujifanya hawajui, ili mgeni afurahi. Namna hiyo ya kujitolea naiona haina faida kwa mtoto.

Na lipo jambo zito zaidi, ambalo walimu mliopo hapa mnalijua vizuri. Tangu ada ya sekondari mpaka kidato cha nne ilipofutwa mwaka 2016, madarasa yamefurika, na wakati huo huo mitaani wapo vijana wetu wenye shahada na stashahada za ualimu wanaosubiri ajira. Baadhi yao hufundisha bure au kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi, nasi tunawaita kwa jina lile lile, walimu wa kujitolea. Mgeni akiondoka hufanyiwa sherehe na kupewa kitenge. Kijana wetu akiondoka, mara nyingi tunagundua tu kwamba kipindi kimebaki wazi. Siwezi kumlaumu mgeni kwa hilo, lakini nafikiri shule inayopokea mwalimu kutoka nje ingempanga afundishe bega kwa bega na kijana huyo, darasa moja, ili mmoja apate ufundi wa maabara na mwingine apate maana ya mambo anayoyaona.

Faida ya kufanya hivyo ilionekana Machi 2020. Kwa sababu ya Korona, Peace Corps iliwaita nyumbani watu wake wote duniani, takriban 7,000, kutoka nchi zaidi ya sitini, na wengine walipewa siku chache tu. Binti wa hisabati alipita hapa Korogwe akielekea uwanja wa ndege, akiwa na saa moja ya kuaga. Mama yake wa hapa hakulia mbele yake. Alimfungia mihogo ya kukaanga kwenye mfuko. Kule kituoni, madaftari yake ya maandalizi ya masomo yalibaki kwa kijana mmoja wa kujitolea aliyekuwa akikaa naye darasani, na shule zilipofunguliwa tena kijana huyo aliendelea kutoka ukurasa ule ule.

Wageni wengine watakuja, kutoka mashirika mbalimbali, na fomu mtakayoletewa itauliza juu ya kitanda, chandarua, choo na kufuli ya mlango. Jazeni yote hayo. Kisha pembeni, kwa kalamu yenu, andikeni kazi ambayo mgeni atapewa kuanzia siku ya nne, nami nitakapopita kukusanya fomu nitaitazama sehemu hiyo kwanza. Na akifunga mlango mchana, mwacheni nusu saa, halafu mpigieni hodi.