Kusoma nyayo za paa nunga maweni, asubuhi ya kipupwe

Assalaam alaykum, karibuni. Leo tunasoma nyayo za paa nunga, paa mdogo wa msituni. Tuko maweni, yaani kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kusini ya Unguja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, udongo bado una unyevu. Majira bora ya kusoma nyayo ndiyo haya.

Kwanza, usihangaike na jiwe, halishiki kitu. Tafuta vishimo vyenye udongo mwekundu baina ya mawe. Ukivipata, chuchumaa, alama iwe baina yako na jua. Jua likiwa bado chini, kivuli hujaa ndani ya unyayo na kingo zake zikajitokeza. Ukilipa jua mgongo, utapita juu yake usiuone.

Huu hapa. Kwato mbili, zimechongoka mbele. Naweka kisanduku cha kibiriti pembeni: unyayo haufikii urefu wake. Mbuzi mkubwa angeacha alama pana zaidi, yenye ncha butu. Nguruwe mwitu utamjua hata bila unyayo, pahala pote huwa pamefukuliwa.

Je, ni wa leo? Sogea karibu. Kingo ni kali, na chembe za udongo zilizorushwa na kwato bado nyeusi kwa maji. Ungekuwa wa juzi, kingo zingeshalainika na kusi ingeshatupia majani ndani. Kinyesi nacho kinasema: hivi vidonge vidogo kama kunde, vinavyong'aa, ni vya asubuhi hii. Vilivyofifia na kupasuka ni vya siku nyingi.

Sasa inua macho. Kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, wako juu ya mti wa mkungu, wanakula, na chini yametapakaa majani machanga yaliyong'atwa nusu. Hapa ndipo pa kukaa. Paa nunga hupita chini ya kima akiokota majani, maua na matunda yanayodondoka. Kaa kimya, upepo ukupige usoni, na umngoje. Usimfuate. Paa huyu yupo Unguja na katika misitu ya pwani ya Kenya tu, na bado anawindwa kwa mbwa na nyavu.

Ukikuta waya au kamba imetegwa kwenye njia yake, mjulishe sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, au watu wa misitu siku hiyo hiyo.

Mwisho, piga picha ya unyayo pamoja na kibiriti, andika tarehe na saa. Ukiirusha mtandaoni, zima kwanza alama ya mahali kwenye simu, wawindaji wasijue alipo. Ndiyo maana hamjanisikia nikitaja kijiji.