Upepo upo, kebo je? Mhadhara wa Nakuru kuhusu stima ya baharini

Haya, jioni njema, wa kule nyuma mnanisikia? Poa. Najua wengine mmekuja mkitarajia picha za mapanga makubwa ya turbine za upepo za baharini, sasa mapanga tunaacha kando, leo ni kebo tu. Stima ikishatengenezwa huko kilomita mia ndani ya bahari inafikaje kwa soketi ya mtu?

Tuanzie kwetu lakini. Kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kuna turbine 365 za upepo, jumla megawati 310, zilikuwa tayari 2017. Laini ya kilovolti 400 ya kuleta hiyo stima mpaka Suswa, hapa tu jirani yetu, kilomita mia nne na kitu, ikaisha Septemba 2018 juu mkandarasi wa Uhispania alifilisika kazi ikiwa katikati ikabidi Wachina waimalizie. Upepo unavuma vizuri kabisa na stima haina pa kupita! Na fidia ya kucheleweshwa ikalipwa, sehemu na serikali, sehemu ikaingizwa kwa bei ya stima, kwa hivyo ukinunua tokeni jua na wewe ulichanga.

Msidhani ni sisi peke yetu. Ujerumani kuna shamba la upepo la baharini linaitwa Riffgat, karibu na kisiwa cha Borkum, turbine 30, megawati 108. Lilimalizwa Agosti 2013, likaunganishwa Februari 2014, manake njia ya kebo ilijaa mabomu ya Vita Vikuu vya Pili yamelala chini ya bahari tangu enzi hizo, lazima yatolewe kwanza. Sasa turbine ikisimama tu kwa hewa ya chumvi inaharibika, so wakaweka jenereta za dizeli ziwe zinazungusha yale mapanga, kama lita 22,000 kila mwezi. Mtambo wa upepo unakunywa dizeli jamani. Mimi hiyo stori huwa nawaambia wanafunzi wangu kabla hata sijachora saketi yoyote.

Twende kwa kazi yenyewe. Ndani ya kila mnara kuna transfoma inapandisha stima mpaka kilovolti 33, siku hizi 66, halafu turbine kadhaa zinafungwa kwa kebo moja mpaka kwa sabusteshoni, kituo cha kupandisha volteji, inayosimama majini kwa miguu ya chuma. Vindeby ya Denmark, lile shamba la upepo la baharini la kwanza kabisa la 1991, halikuhitaji hiyo, lilikuwa na turbine 11 tu na lilikuwa karibu na ufuo. Ukienda mbali lazima upandishe tena, kilovolti 150, 220, ndio usipoteze nguvu njiani.

Ukikata hiyo kebo kubwa kwa msumeno utaona waya tatu nene za shaba ama aluminiamu, kila moja imevaa plastiki nene, juu yake madini ya risasi (lead) ya kuzuia maji, katikati pamepenyezwa faiba ya mawasiliano, halafu zote zinazungushiwa nyuzi za chuma kuzuia nanga na nyavu za wavuvi. Meli inaizika chini ya mchanga. Ikikatika si mambo ya kuita fundi na ngazi, unasubiri meli maalum na unasubiri bahari itulie.

Shida yenyewe ni kwamba kebo ni kapasita, yaani kitu kinachobeba chaji ya stima. Waya ndani, chuma nje, plastiki katikati, si ndio kapasita hiyo? Chukua paipu ndefu ya kunyunyizia shamba, maji hayatoki ule mwisho mpaka paipu ijae kwanza. Sasa AC, stima inayogeuka upande kila mara, ya hezi 50 inaijaza na kuimwaga, kuijaza na kuimwaga, mara mia kwa sekunde, na kebo ikiwa ndefu sana nafasi yote inaliwa na huko kujaza, stima ya kuuza inabaki kidogo. Hornsea One ya Uingereza, megawati 1,200, kilomita kama 120 kutoka pwani, ilibidi wajenge kituo kizima katikati ya bahari cha kuweka riakta tu, koili kubwa, si za nyuklia, za kumeza hiyo chaji. Wengine wanahamia DC, stima inayokwenda upande mmoja tu. Laini ya BorWin1 ya Ujerumani inapitisha megawati 400 kwa kilomita 200, 125 za baharini na 75 za nchi kavu. DC inajaza paipu mara moja basi, ila konvata, mitambo ya kugeuza AC iwe DC na kuirudisha, za pande zote mbili bei yake itakutoa jasho. Suswa hapo tunayo DC pia, ile laini ya kutoka Ethiopia, ila hiyo ni ya juu ya nguzo.

Na kufika pwani si mwisho. Tarehe 9 Agosti 2019 radi ilipiga laini Uingereza, Hornsea ikaangusha megawati 737 papo hapo, mtambo mmoja wa gesi nao ukatoka, frikwensi ikashuka kutoka hezi 50 mpaka 48.8, watu zaidi ya milioni moja gizani. Turbine zilikuwa nzima, tatizo lilikuwa jinsi mfumo wa kudhibiti volteji ulivyoitikia mshtuko. Mnakumbuka giza letu la Ijumaa ile, 25 Agosti 2023? Wa gridi wakasema lile shamba la Turkana ndilo iliangusha megawati 270, wa Turkana wakasema volteji ya gridi ilipanda ndio mitambo ikajizima. Mimi sishangai, hapo ndipo kila mtu huanza kunyoosha kidole, pale waya mbili zinapokutana.

Ndio, mama, swali lako nimeliona, nani analipia kebo? Ujerumani ni kampuni ya gridi, kwa hivyo ikichelewa yeye ndiye anadaiwa. Uingereza kawaida mwenye shamba anajenga mwenyewe, akimaliza sheria inamlazimisha auze kwa kampuni nyingine. Mimi napenda ya Uingereza, manake mwenye turbine hawezi kumsubiri mtu mwingine na kuanza kulia. Haya, nani mwingine, pitisha maiki.