Nani Anaimba Humu? Mhadhara Kuhusu Muziki wa Pembezoni na Santuri Zilizosahauliwa

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wapenzi wa muziki mliofika jioni hii, nimeombwa nizungumzie namna muziki wa ajabu unavyogunduliwa katika rekodi ambazo watu wachache mno waliwahi kuzisikia. Ninalotaka kulisema ni kwamba ugunduzi huo haukamiliki santuri inapopatikana. Kupata santuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ni ngumu zaidi na ambayo wengi wetu tumekuwa tukiikwepa, ni kumjua aliyeimba na kumsikiliza kwa kipimo chake mwenyewe.

Nianze na sauti yenyewe. Mwaka 1969 mabinti watatu wa familia ya Wiggin, yaani Dorothy, Betty na Helen, waliingia katika studio ya Fleetwood mjini Revere, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wakarekodi albamu iitwayo Philosophy of the World kwa jina la The Shaggs. Walitoka Fremont, mji mdogo wa New Hampshire, na aliyewaundia bendi hiyo alikuwa baba yao, Austin Wiggin, ambaye mama yake aliwahi kumsoma kiganja na kumtabiria kwamba binti zake wangekuwa bendi maarufu. Baba aliuamini utabiri huo kwa dhati: aliwaachisha shule, akawanunulia ala, akawapangia mazoezi ya kila siku.

Tuusikilize kwa makini wimbo wao mmoja, My Pal Foot Foot, unaosimulia kumtafuta paka. Ngoma zina mwendo wake. Gitaa na waimbaji wana mwendo mwingine kabisa, na pande hizi mbili hukutana na kuachana kama watu wawili wanaopishana katika ujia mwembamba. Anayesikiliza mara ya kwanza hukata shauri haraka kwamba hawa hawajui kupiga. Anayerudia mara ya tano husikia jambo jingine: gitaa linaufuata wimbo wa mdomoni noti kwa noti, na mstari wa maneno ukirefuka, muziki nao hurefuka kuupokea, bila kusubiri wala kukatiza. Mdundo wao hauhesabiwi nne nne kama tulivyozoea; unapimwa kwa urefu wa sentensi. Kwa lugha ya washairi, hawakuhesabu mizani, walihesabu maana. Jambo hilo halifanyiki kwa bahati mbaya katika albamu nzima, na ndiyo sababu siafikiani kabisa na wale wanaoisifu santuri hii kwa ubovu wake.

Ziliagizwa nakala 1,000, na inasimuliwa kwamba 900 kati yake hazikuonekana tena. Baba alifariki mwaka 1975, na bendi ikakoma pamoja naye. Mwaka 1980 Terry Adams na Tom Ardolino wa bendi ya NRBQ walifanikisha albamu hiyo itolewe upya na Rounder Records. Kuanzia hapo ikawa na wapenzi duniani kote, ingawa wengi wao waliipenda kwa kicheko.

Kuhusu majina ambayo muziki wa aina hii umepewa nitapita haraka. Tangu miaka ya 1940 mchoraji Mfaransa Jean Dubuffet alikusanya sanaa ya watu wasiosomea sanaa, wakiwemo wagonjwa wa hospitali za akili, akaiita sanaa ghafi. Mwaka 1972 msomi Roger Cardinal wa Uingereza akaipa jina linalomaanisha sanaa ya walio nje. Neno hilo lilihamia kwenye muziki, na aliyelieneza zaidi ni mtangazaji Irwin Chusid wa redio WFMU ya New Jersey, ambaye mwaka 2000 alitoa kitabu kizima juu ya wanamuziki hao. Mimi hutumia neno pembezoni, kwa sababu aliye pembezoni bado yumo katika ukurasa uleule. Nyimbo za vioja ni jambo tofauti kidogo, kwani mwimbaji wake anajua kwamba anachekesha na anataka kuchekesha. Katika makasha ya santuri kuukuu, hata hivyo, aina hizi mbili hukaa pamoja, na mara nyingi msikilizaji ndiye anayeshindwa kuzitofautisha.

Rekodi hizi zilitoka wapi kwa wingi namna hii? Zilitoka mahali ambapo lango la kampuni kubwa halikuwepo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, viwanda vya santuri vilikubali kumtengenezea mteja yeyote nakala mia chache kwa malipo, na hakuna aliyemuuliza kama anajua kuimba. Makanisa na shule zilifanya hivyo, na hata mtu mmoja mmoja mwenye ndoto yake. Florence Foster Jenkins, mwanamke tajiri wa New York aliyeimba opera huku noti zikimkwepa, alizirekodi santuri zake katika studio ya Melotone kwa fedha zake mwenyewe, na tarehe 25 Oktoba 1944 akapanda jukwaa la Carnegie Hall mbele ya ukumbi uliojaa. Alifariki mwezi mmoja baadaye.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Langley, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada. Mwaka 1976 na 1977 mwalimu wa muziki Hans Fenger aliwakusanya watoto wa shule za msingi ndani ya ukumbi wa michezo, akarekodi wakiimba nyimbo maarufu za zama hizo, zikiwemo za Beach Boys na ya David Bowie kuhusu mwanaanga anayepotea angani. Ukumbi wenyewe unasikika. Sauti za watoto zinagonga kuta na kurudi zikiwa zimechelewa kidogo, marimba na matoazi yanaingia kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa, na mtoto mmoja wa miaka 9 anaimba peke yake wimbo wa huzuni ya watu wazima kwa utulivu ambao watu wazima hatunao. Santuri hizo zilitengenezwa kwa ajili ya watoto na wazazi wao tu. Mnamo mwaka 2000 mkusanyaji mmoja aliikuta moja katika duka la vitu vilivyotumika mjini Victoria, akampelekea Chusid, na mwaka 2001 rekodi zote zikatolewa upya kwa jina la Innocence and Despair. Mwalimu alitafutwa, akapatikana, akaeleza mwenyewe alivyofanya kazi ile. Ndiyo maana leo tunajua kwamba mwangwi ule ni wa ukumbi wa michezo, na kwamba nguvu ile ni ya watoto waliopewa nyimbo walizozipenda, badala ya nyimbo ambazo watu wazima hudhani zinafaa watoto.

Hapa niruhusuni nisimame kidogo kwenye suala la kasi ya kuchezesha rekodi, maana linagusa kiini cha neno ajabu. Mwezi Aprili 1860, mjini Paris, Édouard-Léon Scott de Martinville aliimba kipande cha wimbo wa watoto, Au clair de la lune, mbele ya chombo kilichochora mawimbi ya sauti kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Hakukusudia sauti ile isikike tena. Alitaka ionekane kwa macho. Mwaka 2008 watafiti waliigeuza michoro ile kuwa sauti kwa kutumia kompyuta, na dunia ikasikia kilichoonekana kuwa sauti ya msichana, nyembamba na ya kimzimu. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba rekodi ilikuwa ikichezwa kwa kasi maradufu. Ilipopunguzwa, akatokea mwanamume anayeimba taratibu, na inaaminika kuwa ni Scott mwenyewe. Ajabu ile haikuwa ya mwimbaji. Ilikuwa ya mashine yetu.

Tangu nilipokisoma kisa hicho sijaamini tena sikio langu la mara ya kwanza. Santuri za zamani, kabla ya kasi ya mizunguko 78 kwa dakika kuzoeleka, zilirekodiwa kwa kasi zilizotofautiana, na sauti tunayoiona ya kuchekesha huenda ni ya mtu wa kawaida kabisa tuliyemkimbiza. Wako pia tunaowakimbiza kwa namna nyingine, kwa kuwapimia mwendo wa muziki wetu.

Hilo linanifikisha kwa George W. Johnson, ambaye bila yeye historia ya nyimbo za vioja haina mwanzo. Alizaliwa Virginia miaka ya 1840, zama za utumwa, na baadaye akawa akipiga mbinja na kuimba kwa sarafu za wapita njia kwenye vituo vya feri vya New York. Mwaka 1890 hivi, kampuni za fonografu, yaani mashine za awali za kurekodi na kucheza sauti, zilimwita arekodi, na wimbo wake wa kicheko, The Laughing Song, ukawa miongoni mwa rekodi zilizouzwa sana katika muongo ule. Kiitikio chake ni kicheko kitupu, lakini ni kicheko kinachofuata mdundo kwa usahihi: kinapanda na kushuka pamoja na muziki, kinakata pumzi mahali panapostahili, na mwishoni kinatua barabara kwenye noti. Jaribuni kucheka hivyo mara moja, mtaona kazi yake.

Yeye hakucheka mara moja. Silinda za nta za wakati ule hazikuwa na njia nzuri ya kunakiliwa, hivyo mashine chache zilipangwa mbele yake, akaimba, silinda zikatolewa na nyingine zikawekwa, akaimba tena, mara kadhaa kwa siku, siku baada ya siku, kwa senti chache kila mara. Kila mnunuzi alipata kicheko chake cha pekee. Na maneno ya wimbo, nalisema hili kwa uchungu, yalimdhihaki mtu mweusi, yaani yalimdhihaki yeye. Teknolojia ya kunakili ilipokuja, haja ya kumwita tena ikapungua. Alifariki mwaka 1914. Mwaka 1922, huko Uingereza, Charles Penrose aliichukua tuni ya wimbo ule, akaivisha maneno mapya kuhusu polisi anayecheka, na watoto wa Waingereza kwa vizazi kadhaa waliucheka bila kujua ni kicheko cha nani. Sijui hasara kubwa kuliko hiyo katika muziki: sauti kubaki, na mwenye sauti kupotea.

Kwa hiyo ninapowafundisha vijana namna ya kutafuta, siwaambii waanze na jalada. Jalada la ajabu ni rahisi kulipenda, na mara nyingi muziki wake ni wa kawaida. Nawaambia waishike santuri kwa kingo zake chini ya taa, waitazame nafasi tupu iliyo kati ya mwisho wa mfuo, yaani mchirizi ambamo sindano hupita, na lebo. Hapo pana namba iliyokwanguliwa kwa mkono au kugongwa kwa muhuri, ambayo kiwanda kiliitumia kuitambua kazi hiyo, na namba hiyo inaweza kukuonyesha kiwanda, wakati mwingine hata mwaka, pale ambapo lebo haina anwani wala tarehe. Wasome jina la mtunzi lililo kwenye mabano chini ya jina la wimbo, kwani wengi waliojifichia majina ya jukwaani waliandika jina lao halisi hapo. Kisha wasikilize upande wa pili. Upande wa kwanza ndio mtu aliotaka tuusikie, na upande wa pili ndio unaotuambia alikuwa anajua nini kingine.

Wengine wakipatikana hufurahi. William Taylor, aliyejiita Shooby, mfanyakazi wa posta jijini New York, alikuwa na namna yake ya kuimba silabi zisizo na maana juu ya santuri za watu wengine, kwa kasi na furaha isiyo na mfano. Alipopanda jukwaa la wanagenzi pale ukumbi wa Apollo jijini humo mwaka 1983, alizomewa. Kanda zake zilisambaa kwa miaka bila mtu kujua yuko wapi, mpaka alipopatikana mwaka 2002, akasikia kwamba wapo wanaompenda, akazungumza redioni. Alifariki mwaka uliofuata. Mwaka mmoja ni mchache, lakini aliupata.

Wengine hawataki, na hilo nalo ni jibu. Mwanamuziki aliyetoa albamu ya L'Amour mwaka 1983 kwa jina la Lewis, na ambaye santuri yake iliibuka katika soko la vitu kuukuu mjini Edmonton, alipatikana mwaka 2014 baada ya albamu kutolewa upya. Alipofikishiwa hundi ya malipo yake, aliikataa kwa upole. Jandek wa Houston ametoa rekodi tangu 1978 akitumia sanduku la posta tu, na kwa zaidi ya robo karne hakuonekana jukwaani, mpaka alipotokea Glasgow mwaka 2004 bila kutangazwa. Wote wawili walipaswa kuulizwa, na kisha kuachwa.

Nimalizie na Rodd Keith. Katika Marekani ya miaka ya 1960 yalikuwepo matangazo ya magazetini yaliyosema: tutumie shairi lako, tutalitia muziki. Watu wasiojulikana walituma mashairi na fedha, na wanamuziki wa kukodiwa wakayageuza kuwa nyimbo kwa haraka, nyingi kwa siku moja. Keith alikuwa mmoja wao, na bila shaka ndiye aliyekuwa na kipaji kikubwa kuliko wote. Hata shairi dhaifu kabisa alilipa wimbo ulio hai. Alifariki mwaka 1974, akiacha mwana ambaye hakuwahi kumfahamu, Ellery Eskelin, aliyekuja kuwa mpiga saksafoni wa jazi. Mwana huyo alianza kuzitafuta santuri za baba yake, moja baada ya nyingine, zilizolipiwa na wageni waliotaka mashairi yao yasikike, na mwaka 1996 akazikusanya katika albamu moja. Sauti ya baba yake aliisikia humo, ikiimba maneno ya watu wengine.