Maryša na kikombe cha kahawa

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni.

Tamthilia niliyokuja kuizungumzia inaitwa Maryša. Waliiandika ndugu wawili wa tumbo moja, Alois na Vilém Mrštík, na ikachezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika ukumbi wa maigizo wa taifa mjini Prague. Wacheki wakati huo walikuwa bado chini ya dola la Austria-Hungaria. Dola lilishasambaratika zamani, lakini Maryša bado yuko jukwaani, na Mcheki ukimtajia jina hilo atakujibu kwa neno moja: kahawa. Nitafika huko.

Kisa kinatokea Moravia, upande wa mashariki wa nchi ya Wacheki, katika kijiji cha wakulima, na wahusika wanazungumza lahaja ya huko huko, si Kicheki cha mjini. Maryša ni binti wa Lízal, mkulima anayejiweza. Anampenda Francek, kijana maskini, naye Francek anachukuliwa jeshini. Wazazi wameshaamua mambo yao: ataolewa na Vávra, mwenye kinu cha kusagia nafaka, mgane mwenye watoto watatu. Tena ni mtu ambaye kijiji kinasimulia alivyomtesa marehemu mkewe.

Hapa nisimame kidogo. Sisi tukisikia binti kaozeshwa kwa nguvu, mawazo yanakimbilia mahari: baba kaona ng'ombe, kamtoa mtoto. Moravia mali ilikwenda kinyume. Baba wa binti ndiye aliyetoa, na mume ndiye aliyepokea. Lízal, kwa hiyo, anatoa fedha ili mwanawe achukuliwe. Vávra naye ana madeni, kinu kinamwelemea, na fedha zile anazihitaji haswa. Basi wanaume wawili wanakaa na kuvutana, huyu anapandisha, yule anateremsha, kama mko mnadani na ng'ombe kafungwa pembeni. Kwangu mimi, kosa kubwa la tamthilia hii limetendeka hapo, kabla sumu haijanunuliwa.

Maryša anakataa. Analia, anawasihi baba na mama. Wanamkaripia, wanamtisha, na mwisho anakubali, kwa sababu amelelewa kutii na hajafundishwa jambo jingine.

Miaka miwili inapita. Sasa mtazameni Lízal. Anamwona mwanawe anavyonyauka kwa mume, na roho inamsuta. Anatamani arudi nyumbani. Fedha alizoahidi hajazimaliza, na mkwe anataka kumpeleka mahakamani kwa kilichobaki. Nampenda mzee huyu katika sehemu hii, nasema kweli. Waandishi wangeweza kumfanya katili tu, tukamchukia na kwenda zetu kulala. Wao wamemfanya baba anayempenda mtoto wake, aliyefumbuka macho maji yakiwa yamekwisha mwagika. Na bado, hata akijuta, hana mamlaka tena, kwa maana amekwisha kumkabidhi.

Francek anarudi kutoka jeshini, anatangaza kilabuni mbele ya watu kwamba atamfuata Maryša kinuni. Anamwendea kweli, anamwambia waondoke pamoja, waende mji wa Brno wakaanze maisha. Maryša anakataa.

Wanafunzi wangu wengi hukasirika hapa. Mwalimu, mlango uko wazi, kwa nini hatoki? Huwaambia warudi nyuma, wasome alivyolelewa. Ameapa kanisani. Kiapo hicho alilazimishwa, lakini kwake ni kiapo, na mwanamke aliyetoroka na mwanamume hana pa kuweka uso wake kijijini. Wale waliomfungia ndani walimpa na sheria ya kutotoka, akaiamini. Haya ndiyo yanayoniumiza kila ninapoisoma.

Vávra anamfyatulia Francek risasi, anamkosa. Kunakucha.

Na sasa kahawa. Maryša anamwandalia mumewe kama kila siku, ila leo ametia sumu. Vávra anaonja, anaona ladha si yake, anamuuliza kahawa gani hii. Anajibiwa kwa maneno machache, yale ya mke na mume asubuhi yoyote. Anakunywa tena. Hakuna kelele wala hotuba. Mwigizaji hana cha kushika isipokuwa uso wake na mikono yake, na ukumbi mzima umeziba pumzi kwa sababu ya kikombe. Vávra anapoanguka na watu wakaingia, Maryša hafichi. Anakiri mwenyewe.

Niongeze tu kwamba tamthilia hii haikuwa peke yake. Mwaka 1890 mwandishi Gabriela Preissová naye alipeleka jukwaani kisa kizito cha wanawake wa kijiji cha Moravia, na mtunzi wa muziki Leoš Janáček akakifanya opera, yaani tamthilia ya kuimbwa, Jenůfa, iliyoonyeshwa Brno mwaka 1904. Miaka ile jukwaa la Kicheki lilikuwa limeanza kukitazama kijiji kwa undani, si ngoma na mavazi ya sikukuu pekee.

Vijana wetu wawili wamejiandaa kutusomea yale mapatano ya Lízal na Vávra, kwa Kiswahili nilichojaribu kukifasiri. Naomba tuwasikilize wanavyovutana bei, na tuangalie kama kuna mahali mmoja wao anasema: tumwite Maryša tumuulize. Karibuni mbele.