Ekseli ya Trela Ilipokataa Kuhama

Asalam aleikum ndugu zangu wa Mombasa, na nyote mnaonitazama kutoka bara, hamjambo. Niko Ohio, kwenye kituo cha malori, na baridi ya hapa yatafuna vidole. Kuna vijana wa Changamwe wameniandikia wakiuliza ekseli za trela za Marekani, ile mihimili ya magurudumu, zahamishwa vipi. Nilikuwa nimepanga kuwaeleza kwa maneno tu, lakini jana limenitokea jambo, na hilo ndilo nitakalowasimulia.

Huko nyumbani ekseli za trela zimefungwa pale pale. Ukifika mizani ya Mariakani ekseli zimezidi uzito, ni kupangua mzigo. Mimi nimekuwa utingo, nimehamisha magunia kwa mgongo kando ya barabara ile, naijua adha yake. Huku trela ya futi 53 ina ekseli mbili zilizokaa kwenye fremu yao, na fremu hiyo yateleza chini ya bodi. Inashikwa na pini nne zinazoingia kwenye matundu.

Mzigo wangu wa jana ulikuwa pauni 78,900 jumla. Mwisho wa huku ni pauni 80,000, kama tani 36, kwa hivyo jumla haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa ekseli mbili za nyuma za kichwa, lile gari linalovuta trela: zimebeba 35,460, na zaruhusiwa 34,000. Za trela zilikuwa na 31,540. Basi ni lazima nisogeze ekseli za trela mbele, zijitwike zaidi. Kwa trela hii kila tundu lahamisha takriban pauni 400, kwa hivyo nilitaka matundu manne.

Unavuta kitufe chekundu, upepo wa trela unatoka, breki za trela zinashika. Unashuka, unavuta wenzo, pini zinatoka. Unarudi kwenye usukani, unarudisha gari nyuma polepole. Magurudumu ya trela yanabaki pale pale, bodi inateleza juu yake. Ukienda mbele, mambo ni kinyume.

Nikarudi nyuma. Nikahisi trela yote inakuja na mimi. Nikasimama, nikashuka na tochi. Ekseli ya mbele ya trela imechora mistari mieusi kwenye lami, maana yake ilikuwa imeshika ikaburutwa. Ekseli ya nyuma haina mstari hata mmoja. Ilikuwa yazunguka!

Hapo ndugu zangu ndipo ninapotaka mtulie. Wengi wangepiga pini nyundo, au wangetafuta sehemu kavu wajaribu tena kwa nguvu. Lakini ekseli isiyoshika ukiwa umesimama, ukiteremka mlima itashika vipi?

Nikaweka kabari kwenye magurudumu, nikasukuma vitufe vyote viwili ndani ili breki ziachie, upepo ukiwa psi 100, nikazima injini. Nyinyi mna utingo wa kukukanyagia breki. Mimi niko peke yangu, kwa hivyo nina fimbo niliyoikata kwa kipimo, naikaza kati ya kiti na pedali. Kabla ya kukanyaga nachora alama ya chaki kwenye fito, kile chuma kinachosukumwa breki ishike, pale inapotokea kwenye busta, lile kopo la upepo wa breki. Nikikanyaga, napima imesogea kiasi gani. Busta za aina ya 30 za kawaida, kama hizi, mwisho ni inchi 2. Zangu mbili za ekseli ya nyuma zilisogea inchi 2 na nusu, kulia na kushoto.

Kichwa na trela yangu vina breki kumi kwa jumla. Mbili mbovu ni asilimia 20, na kwa sheria ya huku hapo gari laegeshwa, halisogei.

Nikapiga simu ofisini. Nikaambiwa, "Kaza ajasta mwenyewe, uondoke." Nikakataa. Ajasta ni ule mkono unaounganisha fito na breki, na hizi zajikaza zenyewe. Ikiwa breki imelegea kiasi hicho, kuna kitu kimelika, na ukikaza kwa spana umeificha tu hitilafu, wiki ijayo imerudi. Drami la breki likipata moto lapanuka na kujitenga na laining, zile pedi zinazolibana, fito yazidi kusafiri, mwishowe haina tena nguvu ya kusukuma. Dereva unayetoka Mazeras kuteremka Miritini na mzigo mzima, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Breki iliyoonekana nzuri yadini, chini ya mteremko haipo.

Jambo jingine, nalisema kwa mafundi wetu kwa mapenzi: ile busta ya nyuma yenye springi, usiifungue mkanda wake kamwe. Springi iliyobanwa mle ndani yaweza kuua mtu. Ifunge kwa ile bolti yake ndefu, uitoe nzima, uweke nyingine. Hata kama tajiri amesimama hapo anaangalia saa.

Fundi alifika baada ya muda wa saa tatu. Bushi za kemu, zile pete zinazoshika mhimili wa kubana breki, zilikuwa zimelika pande zote mbili, na kwenye ajasta kulikuwa na alama mpya za spana. Kuna mtu alishakaza kabla yangu.

Akabadilisha, tukapima tena: inchi moja na nusu, moja na nusu. Nikavuta wenzo, nikarudi nyuma, magurudumu hayakutikisika. Bodi ikateleza matundu manne, pini zikaingia kwa mlio. Nikazimulika zote nne moja moja, kwa sababu pini moja ikikosa tundu fremu yaweza kukukimbia njiani. Mizani ikasoma 33,860 kwa kichwa, 33,140 kwa trela.

Bushi yenyewe nimeiomba, hii hapa. Ngoja niisogeze karibu na kamera. Upande huu ungali mzima. Sasa tazameni huku, ukucha wangu waingia wote.