Kiwanja si ardhi iliyobaki

Asanteni. Wazazi, walimu, waheshimiwa maprefe mnaoongoza shule, wengi wenu mnajua ninachokuja kusema: shule isipoteze kiwanja chake cha michezo. Nimeshakisema komuni ya Katuba, nimekisema komuni ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na nitakirudia mpaka mnichoke.

Nianze na Mazembe, timu yetu ya soka, kama kawaida yangu. Mwaka 1939, enzi Lubumbashi ikiitwa Élisabethville, watawa Wabenedikto waliokuwa wakiongoza Taasisi ya Saint-Boniface hapa mjini waliwaundia wanafunzi wao timu, hasa wale wasiokuwa na nia ya upadri. Wakaiita Saint-Georges. Haikuanzishwa na tajiri, wala na mgodi: ni shule iliyojiuliza vijana hawa wapewe nini zaidi ya daftari. Majina yakabadilika, timu ikakua. Kombe la vilabu la Afrika 1967, likarudiwa 1968, kisha 2009, 2010 na 2015. Na ile 2010 kule Abu Dhabi! Internacional ya Brazili 2-0, kipa wetu Kidiaba anarukaruka kwa makalio, tuko fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Inter ya Italia wakatufunga 3-0, ndiyo, msinikumbushe. Na watu wa Lupopo, mahasimu wetu wa hapa mjini, msinune, timu yenu nayo ni ya 1939, ya watu wa reli.

Hapo mama mmoja huniuliza, “Kwa hiyo, mwalimu, mwanangu aache masomo awe Kidiaba?” Hapana, mama. Sidhani hata mapadri wale walikuwa wanawinda kombe la Afrika. Mtazame mtoto ambaye buletini yake ya alama imejaa wino mwekundu. Darasani hakuna anayemwita. Siku ya mechi na darasa la jirani anatafutwa mpaka nyumbani. Anafungwa goli, anabeba mpira, anaurudisha katikati, mchezo unaanza tena. Refa anapuliza filimbi kwa makosa, naye anameza hasira na kuendelea. Somo hilo mnalifundisha saa ngapi, kwenye ubao upi?

Sasa kiwanja kiko wapi? Tangu shule ya msingi ya Serikali itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, watoto wamefurika, na madarasa yanajengwa palipokuwa na magoli. Hilo nalielewa. Ila vibanda vya maduka upande wa barabara vinamfundisha nani?

Na jimnastiki, yaani somo la michezo: kwenye ratiba ipo, kwenye buletini ina alama, na mtoto hajakimbia hata siku moja. Alama zimetoka wapi? Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Sisi tunatoa kipindi kimoja kwa wiki, na mwalimu wa hesabu anakiazima. Wa mwaka wa mwisho wa sekondari ndio kabisa, eti wana egzameni ya Leta, mtihani wa Serikali, hata kuruka kamba ni dhambi.

Naona naonyeshwa saa. Kuhusu wasichana, kwa haraka: nzango, mchezo wao wa kuruka na kurusha miguu, haitaki mpira wala nyavu, na wenzetu wa Brazzaville wameupa mchezo huo kanuni rasmi. Kwetu mlinzi anawafukuza wasikanyage maua. Habari za Dikembe Mutombo, aliyetoka Kinshasa akitaka udaktari, akahitimu chuo kikuu cha Georgetown kule Marekani huku akicheza kikapu, naziacha.

Ombi ni kwa kamati za wazazi. Mkiletewa mpango wa ujenzi, dai mchoro, mtafute kiwanja kimebaki wapi. Kama hakimo, msitie sahihi. Ndiyo, bwana prefe, hata kama fundi ameshalipwa.